Mashahidi Watatu wa Karatasi ya Njano

Rajabu Chitanda alikuwa anaandika, na hilo peke yake lilitosha kunifanya nimtilie shaka. Kituoni kwetu huu ulikuwa mwaka wa pili bila mtu kuandika chochote. Kalamu chache zilizobaki zilikuwa za kuandikia lebo, tena tulizifungia stoo. Yeye alikuja na za kwake, bluu tatu na nyekundu moja, na daftari la jalada gumu ambalo alilifunga kila mtu alipompitia nyuma.

"Unamwona?" aliniuliza Dokta Eustadia Ngonyani, mkuu wa kituo. Tulikuwa dirishani kwake, yeye na kikombe chake cha chai ya tangawizi, mimi mikono mitupu. Ng'ambo ya uwanja Rajabu alikuwa amekaa kwenye ngazi za banda la mbegu, daftari gotini.

"Namwona."

"Mimi kaniuliza jambo moja mara tatu. Mara tatu, Somoe. Mtu mwenye nia njema anauliza mara moja, anaelewa, anashukuru."

"Labda ni mzito wa kuelewa."

"Mwenye shahada mbili? Uzito gani huo?" Alikunywa funda moja. "Juzi kituo cha kaskazini wametangaza mhogo unaovumilia ukame. Kama wetu, sifa kwa sifa. Wameupata wapi? Mimi nataka kujua lile daftari lina nini."

Nilijua amenituma.

Kituo cha Namkongo tulikuwa watafiti watatu: Dokta Eustadia, Mfaume Nandonde wa udongo, na mimi, Somoe Likapa, wa mbegu. Kila asubuhi saa mbili tulikaa kwenye viti vitatu vilivyotazamana, tukavaa tepe zetu vichwani, tukafumba macho dakika kumi. Tepe ziliungwa na mashine tuliyoiita Kisima. Ulimimina ulichokijua tangu jana, ukachota walichokijua wenzako, na ulipofumbua macho hukuwa umesoma wala kusimuliwa chochote. Ulikumbuka. Mfaume akichimba shimo kule bondeni jana yake, leo mimi nilikumbuka ubaridi wa ule udongo kwenye vidole. Hakukuwa na vikao tena, wala ripoti, wala yale mabishano ya zamani ya nani alisema nini kwa nani. Nilikipenda Kisima, na sitaki kujifanya vinginevyo.

Rajabu alipata ajali ya pikipiki miaka mingi nyuma na fuvu lake lilishikizwa kwa bamba la chuma. Kisima kilimkataa. Aliletwa na ofisi ya usajili wa mbegu aandae jalada la M-9, mhogo wetu mpya, na kwa sababu ya hilo bamba ilibidi aelezwe kila kitu kwa mdomo. Hakuna aliyejua tena namna ya kueleza. Unaanza sentensi, unakuta mwenzako haijui nusu ya kwanza, unarudi nyuma, unakuta hata hiyo nusu ya kwanza haina mwanzo. Tulikuwa tunamkimbia. Mfaume alikuwa na mtindo wa kuzunguka nyuma ya tangi la maji akimwona tu.

Mimi alininasa siku hiyohiyo, mlangoni mwa maabara.

"Dada Somoe, samahani. Nirudishe nyuma kidogo. Sumu ya M-9 mliipima lini?"

"Wiki ya saba ya ukame."

"Na wewe uliona?"

"Niliona kwa macho yangu."

"Nisimulie."

Nikamsimulia kama mtu anayemhesabia mtoto vidole. Kwamba mhogo ukikosa mvua hujaza sumu ya sayanaidi, na hata ule mtamu hugeuka. Kwamba asubuhi ile nilichimba mzizi mmoja, nikakata kipande, nikakitia kwenye kichupa chenye maji na karatasi ya njano, nikafunga. Sumu ikiwepo karatasi hugeuka kahawia. Siku ya pili nilifungua na karatasi ilikuwa ya njano vilevile. Nilikumbuka hata jogoo wa jirani akiwika, na kisu kilivyoteleza.

"Vichupa vingapi?"

"Kimoja." Nikaona hajatosheka. "Kimoja changu. Tulikuwa watatu, Rajabu. Kisima kimesema imethibitishwa na watatu. Unataka nini tena?"

"Kisu ulikishika mkono gani?"

Nilicheka kwa hasira. "Wa kushoto. Mimi ni wa kushoto tangu nizaliwe. Na hilo nalo linaingia kwenye jalada?"

"Linaingia," alisema, akalifunga daftari.

Nilibaki pale mlangoni nikimtazama anavyoondoka. Mtu anayeuliza mkono wa kisu hatafuti ukweli, nilijiambia, anatafuta pa kutushikia.

*

Siku ya pili, adhuhuri, Rajabu alikwenda kuswali. Daftari liliachwa mezani kwake chini ya chupa ya chai. Banda la mbegu lilikuwa jirani tu. Wanawake wa kufunga mbegu walikuwa wakicheka ndani, mafungu elfu nne ya vipande vya mashina yakiwa yamepangwa hadi darini, kila moja na lebo yake: MHOGO MTAMU. WALIWA MBICHI. Lori lingekuja kesho saa sita kuyachukua, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeshaanza na watu walikuwa wakisubiri kupanda.

Sikuwahi kupekua meza ya mtu maishani mwangu. Nilipekua, maana niliamini natenda haki.

Nilitegemea kukuta barua, au jina la mtu wa kaskazini. Nikakuta kurasa tatu. Ya kwanza imeandikwa Eustadia juu yake, ya pili Mfaume, ya tatu Somoe. Alikuwa ameandika maneno yetu neno kwa neno. Nikasoma ya kwangu. Kisha nikasoma ya Mfaume.

*Nilichimba mzizi mmoja. Jogoo wa jirani akawika. Kisu kiliteleza, nikajikata dole gumba la kulia. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto.*

Nikasoma ya Eustadia. Jogoo, mzizi mmoja, kichupa kimoja, dole gumba la kulia, mkono wa kushoto.

Wazo la kwanza lililonijia, na ninaona aibu kulisema, ni kwamba wenzangu wameniibia. Kwamba wamechukua kazi yangu wakaiweka kwenye jalada kwa majina yao. Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto.

"Chai imepoa, lakini karibu."

Rajabu alikuwa amesimama nyuma yangu, kandambili mkononi, miguu bado ina maji ya udhu.

"Umeandika uongo," nilimwambia. Ukikamatwa unapekua, unashambulia.

"Nimeandika mlichosema." Akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akaniachia kiti. "Dada yangu, mimi nimekaa na waongo. Nimewahi kuandaa majalada ya mbegu ambazo hazijawahi hata kuota. Watu wakipanga uongo, wanatofautiana kidogo. Huyu atasema asubuhi, yule atasema mchana. Nyie hamtofautiani hata kwa jogoo. Nikasema hawa wamefundishana vizuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Siku tatu silali vizuri, nawaza nimwandikie nani."

Kumbe wakati sisi tunamshuku yeye, yeye alikuwa anatushuku sisi, na sababu zake zilikuwa nzuri kuliko zetu.

Nikalitazama dole gumba langu la kulia. Kovu lilikuwepo, jembamba, limepinda karibu na ukucha. Nikamwonesha.

"Wenzako wanalo?" aliuliza.

Nilikuwa nimekaa nao asubuhi zote, nimeona mikono yao kwenye vikombe na kwenye majembe. Eustadia anakata kwa kulia. Mfaume anakata kwa kulia. Nilijua jibu kabla sijafungua mdomo.

"Hawakupima," nilisema. "Wananikumbuka mimi nikipima."

"Na Kisima kikahesabu watatu."

"Kila mmoja wao alipomimina asubuhi iliyofuata, alimimina na ile kumbukumbu niliyompa. Kisima kikaona watu watatu wanaokumbuka kwa uhakika." Nililisogeza daftari mbali nami. "Halafu kikanirudishia. Mimi nilipima mara moja, mzizi mmoja. Nilipanga kurudia, kanuni ni vichupa vitatu kila shamba. Lakini nilipofumbua macho kesho yake nilijua wenzangu wameshapima. Wao nao walijua. Kila mtu akaona kazi imekwisha."

Rajabu hakuandika. Alinipa kikombe cha ile chai iliyopoa.

Nilimfikiria binamu yangu Zubeda. Alipokuwa na miaka tisa, mwaka wa ukame, alikwenda shambani na wenzake wakawa wanatafuna mihogo mibichi kutwa nzima maana nyumbani hakuna kitu. Wiki ya nne aliamka miguu imekakamaa kama miti ya uzio. Konzo ndilo jina la ugonjwa huo, na hauna dawa. Ana miaka thelathini na moja sasa na anatembea kwa magongo mawili. Kijiji chake kilikuwa cha kwanza kwenye orodha ya lori. Na lebo niliyoiidhinisha mimi ilisema waliwa mbichi.

"Pima tena," Rajabu alisema.

"Mvua imenyesha siku kumi na moja. Mihogo imeshakunywa. Nikipima leo itakuwa salama, na haitaniambia lolote kuhusu ukame. Mpaka mwakani."

*

Palikuwa na jambo moja ningeweza kulitazama. Kisima kilitunza kumbukumbu ya kila kilichomiminwa, saa na dakika, na pia kumbukumbu ya kilichochujwa. Watu wa kampuni iliyotufungia walitueleza mapema kwamba mashine haipokei kila kitu. Kichwa cha mtu kimejaa takataka, walisema: uchovu, wasiwasi, labda hivi labda vile. Kisima kingepokea kile tu ambacho mtu anacho kwa uhakika, hayo mengine yangebaki kwenye chujio. Tulipiga makofi siku hiyo. Eustadia alisema hatimaye tumepata mashine inayozungumza kisayansi.

Kuifungua ile kumbukumbu ilibidi uvae utepe.

"Ukivaa utachota tena," Rajabu alisema. Tulikuwa chumba cha Kisima, saa tisa alasiri, wenzangu wakiwa shambani. "Utatoka unaamini kama wao."

"Mimi nimeshajua ukweli. Siwezi kuusahau kwa dakika mbili."

"Basi andika kabla ya kuvaa." Akanisogezea daftari na kalamu nyekundu. "Andika wewe mwenyewe, ujiandikie."

Niliona ananidharau, lakini niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa umeharibika kwa miaka miwili ya kutoshika kalamu. Kisha nikavaa.

Nilisoma kwa sauti ili asikie. Tarehe. Saa mbili na dakika nne. Mmiminaji, Likapa. Jaribio la sumu, M-9, kichupa kimoja. Chini yake mstari mdogo: *Sekunde kumi na moja zimechujwa. Hazikufikia kiwango cha uhakika.*

"Sekunde kumi na moja za nini?" aliuliza.

"Haisemi. Zilifutwa."

Nilizitafuta kichwani mwangu. Kitu gani nilikiwaza siku ile, kwa sekunde kumi na moja, nikiwa nimeshika kile kichupa? Pengine niliona kifuniko hakikukaza. Pengine karatasi zilikuwa za zamani, au ule mzizi ulikuwa wa pembezoni, karibu na mfereji. Palikuwa na kitu na sasa hakipo, na aliyekiondoa hakuniomba ruhusa. Niliogopa sana. Kisha nikiwa bado nimevaa, woga ule ukaanza kupungua. Nikahisi utulivu. Nikakumbuka karatasi, njano safi. Nikakumbuka tumeona watatu.

Nilivua utepe. Mbele yangu alisimama mwanaume ambaye sikumfahamu vizuri, mwenye kalamu, ndani ya chumba ambacho hakuruhusiwa kuingia.

"Umeniingiza humu makusudi," nilimwambia. "Ulitaka nikufungulie kumbukumbu za kituo."

"Dada Somoe."

"Usiniite dada. Jaribio liko sawa. Watu watatu wameona. Nani kakutuma wewe?"

Rajabu hakubishana. Aligeuza daftari, akaliweka mbele yangu, akarudi nyuma hatua mbili na kuweka mikono mgongoni ili nione hashiki kitu.

Ule mwandiko mbaya ulikuwa wangu. *Jaribio ni moja, langu. Wengine hawakupima. Somoe akitoka kwenye mashine akisema vingine, usimwamini. Mwambie atazame dole gumba lake na la Mfaume.*

Nilikaa chini kwenye sakafu. Sitasema kwamba niliamini, maana sikuamini. Kichwani mwangu watu watatu walikuwa wanaona karatasi ya njano, na mmoja wao nilikuwa mimi. Nilikubali tu, kama mtu anavyokubali kwamba saa yake imesimama huku akiiangalia inasema saa nne. Nilibaki na karatasi ya daftari na kovu, na hivyo viwili vilikuwa upande mmoja, akili yangu upande wa pili.

"Kesho asubuhi watakuvalisha tena," Rajabu alisema.

"Najua."

"Utafanyaje?"

"Itabidi niwaambie kwa mdomo," nilisema, na nikasikia jinsi jambo hilo lilivyonitisha.

*

Saa mbili asubuhi viti vitatu vilikuwa vimetazamana kama kawaida. Mezani palikuwa na hati ya usalama. Sheria ilitaka sahihi mbili za walioona na uthibitisho wa Kisima, ndipo mbegu itoke kwa jina la mtamu. Pungufu ya hapo, lebo ingepaswa kusema mchungu, uloweke kwanza sumu itoke. Dokta Eustadia alikuwa ameshaweka sahihi yake.

Mfaume alikuwa amevaa utepe tayari. Mimi wa kwangu niliushika mkononi.

"Vaa, tunachelewa," Eustadia alisema.

"Leo sivai, Mama. Nina neno la kusema."

Waliniangalia kama nimevua nguo. Nilianza vibaya. Nilianza na sekunde kumi na moja, nikarudi kwenye kichupa, nikataja daftari, nikaona uso wa Eustadia unafunga nilipolitaja. Nilirudi tena mwanzo. Nilisema polepole, nikiwatazama kama wananifuata: kwamba mzizi ulikuwa mmoja, kwamba aliyeuchimba ni mimi peke yangu, kwamba sisi sote tunakumbuka mkono mmoja, na kwamba hakuna anayejua M-9 inakuwaje kwenye ukame. Haikuwa hotuba nzuri. Nilitoka jasho.

"Huyu Chitanda amekulisha nini?" Eustadia aliuliza.

"Hajanilisha kitu. Ameniuliza maswali."

"Ndiyo kazi yake, kuuliza, mpaka watu wachanganyikiwe. Leo, siku ya lori! Huoni?" Aliinuka. Hakuwa mtu mbaya, Eustadia, na ndiyo maana ilikuwa vigumu. "Mwaka jana watu wa bonde linakokwenda lori hili walikula mizizi ya porini. Mimi nilikwenda, nilikuta mama anapikia watoto mizizi ambayo nguruwe wanaiacha. Wafadhili wamesema waziwazi, mbegu tamu, au hakuna awamu ya pili. Kaya elfu thelathini, Somoe. Wewe unataka nikawaambie nini? Kwamba una wasiwasi?"

"Ndiyo."

"Wasiwasi wa nini?"

"Sijui. Umefutwa."

Alicheka kidogo, na kusema kweli hata mimi nilisikia jinsi lilivyokuwa jibu la kipumbavu. Kaya elfu thelathini zilikuwa kweli. Njaa ilikuwa kweli. Pengine M-9 ilikuwa tamu kama asali hata kwenye ukame wa miaka saba, na mimi nilikuwa nazuia chakula cha watu kwa sababu ya kovu.

"Mama, naomba unioneshe dole gumba lako la kulia."

Alilinyoosha haraka, kama mtu anayetaka yaishe. Alilitazama. Ngozi ilikuwa laini, haina alama. Nilimwona akilitazama kwa muda mrefu kuliko alivyopanga.

"Kidonda kilipona," alisema.

"Na wewe Mfaume?"

Alikuwa bado na utepe kichwani. Alitazama dole gumba lake la kulia, kisha akachukua kalamu iliyokuwa kando ya hati na kuishika kama kisu, mkono wa kushoto. Akajaribu kukata hewa. Kalamu ikamtoka vidoleni na kudondoka chini ya meza. Hakuiokota.

"Nakumbuka nikikata," alisema. Sauti yake ilikwaruza. Sikuwa nimeisikia siku nyingi. "Nakumbuka vizuri kabisa."

"Najua. Hata mimi."

"Hii ni michezo," Eustadia alisema. "Mfaume, weka sahihi. Na wewe Somoe, kama una la kusema, limimine. Vaa, limimine, wote tulione. Hiyo ndiyo haki. Kama ni kweli litapita."

"Halitapita. Kisima hakipokei 'sijui'."

"Basi si ujuzi."

Mfaume alivua utepe. Aliuvua taratibu, akaukunja mara mbili, akauweka juu ya hati. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Somoe," alisema, "siku ile, mbali na haya ninayoyakumbuka, wewe uliona nini? Nieleze. Mimi sikuwepo."

Katika miaka miwili hakuna mtafiti mwenzangu aliyeniuliza swali ili ajue jibu. Nilimweleza. Nilimwambia niliona karatasi moja ya njano, ya mzizi mmoja, na zaidi ya hapo siwezi kuapa. Aliniuliza shamba lipi. Nikamwambia. Aliniuliza kama lile shamba liko chini ya mfereji unaovuja. Mfereji huo aliuchimba yeye na nilikuwa naukumbuka unyevu wake kwenye vidole vyangu, lakini kwamba unapita jirani na mzizi wangu hatujawahi kuliweka jambo hilo pamoja, yeye na mimi.

"Unavuja tangu Julai," Mfaume alisema. "Nilidhani mnajua. Nilidhani kila ninachojua mnakijua."

"Uliwahi kuwa na hakika unavuja?"

"Hakika, hapana. Nilihisi tu."

Basi mzizi wangu pengine haukuwahi kuuona ukame. Kisha Mfaume akasema, "Mama, mimi siweki sahihi."

Dokta Eustadia alikaa kitini mwake. Nilitegemea apige kelele, au alie. Alichukua utepe wake, akauvaa, akafumba macho, na uso wake ukalegea, ukapata ule utulivu ninaoujua.

"Humu ndani nyote mnakubali," alisema, macho yamefumbwa. "Mfaume anakubali. Hata wewe Somoe. Nakusikia hapa, una uhakika kabisa."

Tulimwacha akinisikiliza.

Banda la mbegu lilikuwa na wanawake saba na mafungu elfu nne, na lori lilikuwa linakuja saa sita. Rajabu alikuwa ameshatoa kalamu zote stoo. Niliwaambia wale mama kwamba lebo zote zinabadilishwa, kila moja, mafungu yote. Waliguna. Kiongozi wao, Bi Asumini, mwanamke mpana mwenye kamba za katani begani, aliweka mikono kiunoni.

"Tangu asubuhi tunasikia mnapandishiana sauti huko. Kuna nini? Huu mhogo ni mtamu au mchungu?"

"Hatujui, Bi Asumini. Mvua ikiwepo ni mtamu. Jua likizidi, hatujui."

"Hamjui."

"Hatujui."

Aliwatazama wenzake, akanitazama mimi, akaanza kucheka hadi kamba zikamwanguka begani.

"Basi si tutauloweka!" alisema. "Ndilo hilo tu lililokuwa linawashinda kusema?"